Nani Kamuudhi Nani Ngoingwa

Mama alianza kujifunza Kihispania akiwa na miaka sitini na minane, na neno la kwanza lililomkaa mdomoni halikuwa hola wala gracias. Lilikuwa molesto. Alilipata alfajiri, kabla ya adhana na kabla ya kengele ya kanisa, jogoo wa jirani akiwika chini ya dirisha lake kule Ngoingwa, Thika. Programu aliyowekewa kwenye simu ilikuwa imemwagiza achague kitu cha nyumbani akieleze kwa sentensi moja. Akasema: El gallo es molesto. Jogoo anaudhi. Kulipopambazuka alinipigia Ruiru kunisomea, na nilisikia furaha ya mtu aliyepata chombo kinachoshikika vizuri mkononi.

Tangu siku hiyo hakuna kilichosalimika. Stima ikikatika wakati wa taarifa ya habari, es molesto. Mpiga honi langoni, es molesto. Nzi juu ya sufuria ya maziwa akawa molesta, kwa kuwa nzi kwa Kihispania ni jinsi ya kike, na Mama alilijua hilo bila kusukumwa. Hapa niseme jambo ninaloliamini. Watu husema Kihispania kinawatesa wageni kwa sababu kila kivumishi lazima kifuate nomino yake. Sisi tuliolelewa na kiti kizuri, mti mzuri na maji mazuri, tena tuna Kikuyu nyumbani chenye ngeli zake zote, upatanisho hautushindi. Programu ilipomweleza Mama kuwa neno lile hubadilika mwisho wake kufuata kinachosemwa, alishangaa tu kwamba ngeli zenyewe ni mbili.

Aliandika kila kitu katika daftari nene lenye jalada gumu, kalamu ya bluu kwa Kihispania na nyekundu kwa maana. Jioni, baada ya kufungia kuku na kuweka githeri jikoni, alivaa miwani na kusoma kwa sauti. Ndugu yangu mdogo, anayeishi naye, alisema ukipita nje ungedhani kuna ibada.

Sababu ya haya yote ni mtoto. Kaka yetu mkubwa, Njoroge, alienda Valencia, Uhispania, kusoma, akapata kazi, akamwoa Amparo. Walipojaliwa binti, Njoroge alifuata desturi: binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba. Basi kuna Wambui wa Thika na kuna Wambui wa Valencia, na kaka yangu humwita bintiye maitũ, yaani mama yangu, kama inavyompasa. Tatizo ni kwamba Wambui wa Valencia alijua Kihispania cha mama yake na nyimbo mbili za Kikuyu alizofundishwa na babake akimwogesha. Kila Jumapili bibi na mjukuu walitazamana kwenye simu, wakabusiana hewani, wakacheka, bando likaisha. Siku moja Mama aliweka simu mezani akasema, “Mtoto aliyebeba jina langu siwezi kumpungia mkono tu kama gari linalopita.” Kesho yake akamwita mjukuu mwingine, aliyekuwa kidato cha pili, amtafutie mwalimu ndani ya simu.

Kihispania hakikuwa kigeni kabisa kwake. Wanawake wa rika lake, na sisi binti zao, tuliishi na tamthilia za Meksiko sebuleni miaka na miaka. Los ricos también lloran ya mwaka 1979, yenye Verónica Castro, ilitufikia ikiwa imezeeka huko kwao, nasi tukaililia upya. Ila iliyomshika Mama kuliko zote ni Cuando seas mía, ya 2001, hadithi ya Paloma mchuma kahawa na Diego mwenye mali. Mama alichuma kahawa usichanani mwake katika mashamba ya Ruiru, debe kwa debe, kabla mashamba hayo hayajageuka kuwa maghorofa na vituo vya mafuta. Ruiru ndipo kilipo kituo cha utafiti wa kahawa, na aina ya mbuni iitwayo Ruiru 11, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1985 kwa kuwa hustahimili ugonjwa wa matunda ya kahawa na kutu ya majani, ilibeba jina la mji wetu mpaka mabara mengine. Kwa hiyo Paloma alipotokea na kikapu chake kiunoni, Mama alimtazama kwa jicho la mwenzake wa kazi. Alikagua vidole. “Huyo anachuma na mabichi,” alisema, na hakumsamehe kwa sehemu kadhaa zilizofuata.

Lakini tamthilia hizo zilitufikia zikisema Kiingereza. Midomo ilitamka kingine, masikio yetu yakapewa kingine. Naona ni hasara. Miaka yote ile ya kuwahurumia akina Paloma, na hakuna aliyetuachia hata sentensi moja ya Kihispania ya kumgombeza mtu. Kihispania pekee tulichokitamka kila siku hapa Thika ni Delmonte, kwa pumzi moja, tukimaanisha mananasi, au kazi, au kituo cha matatu. Njoroge ndiye aliyemwambia Mama kwamba ni maneno mawili, ya mlima, na kwamba nembo hiyo ilianza mwaka 1886 si kwa nanasi bali kwa kahawa, iliyotayarishiwa hoteli moja ya California yenye jina hilo. Mama aliandika kwenye daftari: del monte, kahawa kwanza.

Walikuja Desemba. Kabla hawajafika Amparo alikuwa akimwandikia Mama ujumbe kwa heshima, kila mmoja ukianza na Hola, Cucu. Kikuyu huandika cũcũ na kutamka shosho. Mhispania akiona herufi zile husoma alivyofundishwa shuleni kwake. Siku ya kuwasili, uani kumejaa akina mama wa kanisa waliokuja kupokea mgeni, nyimbo zimeshika kasi, Amparo akashuka garini, akafungua mikono na kuita kwa sauti ya upendo kabisa: “Kuku! Kuku!” Nyimbo zilikatika. Mwanamke mmoja aligeuka kutazama kama kuna ndege aliyetoka bandani. Mama alimkumbatia mkwewe bila kusitasita, na usiku ule, wageni walipokwisha kwenda, akaketi naye mezani, akaandika cũcũ kwenye karatasi, akaweka kidole mdomoni na kutamka sh, sh, mpaka Amparo akashika. Nayaeleza haya kwa sababu watu wawili hawa walianza vizuri. Kila mmoja alikuwa tayari kusahihishwa na mwenzake.

Siku za kwanza zilipita kwa mukimo, kwa kuku wa kienyeji na kwa matembezi. Tuliwapeleka Blue Posts, hoteli iliyojengwa mwaka 1908 katikati ya maporomoko mawili, Chania upande mmoja na Thika upande mwingine, na Wambui mdogo hakutaka kuondoka. Bibi na mjukuu walishikana mikono kwenye ukingo wa kutazamia maji. Agua, mtoto alisema. Mucha agua, Mama akajibu. Njoroge alikwenda kando akajifanya anapiga picha.

Kisha maji ya nyumbani yakaisha.

Anayeishi upande ule anajua mgao unavyokwenda. Mfereji hutoa maji siku zake, mtu hujaza tangi, na tangi likijaa maisha huendelea. Lakini boya la tangi letu lilikuwa limekwama, maji yakamwagika usiku kucha, na asubuhi mgao ulikuwa umepita. Zaidi ya hayo pampu ya kisima kidogo ilikuwa imeungua siku tatu kabla. Amparo aliamka akaingia kuoga, akajipaka sabuni kichwani, shawa ikatoa matone mawili na pumzi ya hewa. Alijifuta kwa taulo, akafunga kilemba, akakaa jikoni kimya, macho mekundu kwa sabuni. Wambui alikuwa na mafua. Njoroge alikuwa ameondoka mapema kuja kwangu Ruiru kuchukua pampu mpya niliyomnunulia karibu na Kamakis.

Mama aliingia akamwona. Ndugu yangu, aliyekuwa akinoa panga mlangoni, alishuhudia yote, na amenisimulia mara nyingi kiasi kwamba sasa nayaona. Mama alimmiminia chai. Akavuta kigoda. Alitaka kumuuliza jambo ambalo mama yeyote humuuliza binti akimkuta katika hali ile: mwanangu, umeudhika? Akatafuta ndani ya hazina yake ya miezi yote ile, akalikuta neno lililo imara kuliko yote, lile la jogoo, la stima na la nzi. Akalipa mwisho wa kike, kama inavyotakiwa. Akaweka mkono begani mwa mkwewe na kusema kwa sauti ya chini, yenye huruma:

“Hija, eres molesta.”

Binti yangu, wewe ni mtu wa kuudhi.

Amparo alinyanyua uso. “¿Qué?” Mama akadhani hakusikika kwa sababu ya kilemba. Akasogea, akatamka polepole, silabi kwa silabi: “Eres molesta. Muy molesta.” Na akambembeleza mgongoni.

Amparo aliweka kikombe, akaenda chumbani, akafunga mlango. Wambui, aliyesikia yote, alisimama nje ya mlango akimwambia mama yake kwa sauti, kwa uaminifu wa watoto, kwamba Cucu amesema yeye ni molesta.

Ruiru, mimi na Njoroge tulikuwa sebuleni tunafungua boksi la pampu kuona kama vipande vyote vimo. Simu yake iliita, akasoma, akaketi. Ujumbe wa mkewe ulikuwa mfupi: mama yako anasema mimi ni mtu wa kuudhi. Kabla hajanionyesha, simu yangu nayo ikaita. Ni Mama. “Nimemuuliza mtoto wa watu kama ameudhika,” alisema, “ameingia chumbani, amefunga. Kwao mtu akinuna haulizwi? Mbona Njoroge hakuniambia?” Nilimtazama kaka yangu akitazama simu yake. Tulikuwa kwenye kochi moja, pampu katikati yetu, na kila mmoja alikuwa na kisa kamili mkononi. Vyote viwili vilikuwa kweli kwa aliyevituma.

Njoroge alimwamini mkewe, nami nilimwamini Mama. Tulibishana tangu Ruiru mpaka Kimbo. Yeye alisema hakuna Mhispania anayeweza kulisikia vibaya neno lile. Mimi nilisema hakuna mama wa Ngoingwa anayemtukana mkwe kwa kumshika bega. Tulipofika Juja tulikuwa tumenyamaza, na kule Witeithie lori la mananasi lilitutangulia, Delmonte limeandikwa mgongoni mwake kwa herufi kubwa, na kaka yangu akasema, bila kunigeukia, “Mama alitumia es au está?” Sikujua alichokuwa akiuliza. Yeye naye hakuwa na nguvu ya kunieleza.

Aliyeeleza alikuwa tayari yuko jikoni tulipofika. Mama hakutusubiri. Alikuwa amemtuma ndugu yangu na bodaboda amlete Mama Shiru, mwenzake wa kanisani, nesi mstaafu. Mama Shiru alifanya kazi katika hospitali moja ya kaunti wakati wa madaktari wa Cuba. Watu wamesahau upesi kipindi kile. Rais Uhuru Kenyatta alizuru Havana Machi 2018, na Juni mwaka huohuo madaktari wapatao 100 wakatua nchini, wakatawanywa katika kaunti, huku madaktari wetu 50 wakienda Cuba kusomea udaktari wa familia. Mwezi wa Aprili 2019 wawili kati ya Wakyuba hao walitekwa nyara Mandera. Mkataba ulifikia mwisho wake 2023. Kulikuwa na malalamiko mengi juu ya mpango ule, na mengine yalikuwa ya haki. Lakini manesi waliosimama nao wodini usiku walibaki na kitu, na Mama Shiru alibaki na Kihispania.

Aliketi na Mama, daftari nene limefunguliwa, akamuuliza alichosema. Mama akarudia. Mama Shiru alifumba macho kidogo. Kisha akachukua kalamu nyekundu.

“Wana ‘kuwa’ mbili,” alisema. “Es ni mtu alivyo. Está ni alivyokuwa leo, alivyokutwa, alivyofikia. Neno ni lilelile. Ukisema eres molesta, umesema wewe unaudhi. Ukisema estás molesta, umesema umeudhika.”

Mama alinyamaza. Kisha akasema jambo ambalo sitalisahau, maana alilisema kama fundi anayeona waya uliokatika: “Kumbe. Sisi tunalimaliza kwenye mkia.” Akahesabu kwa vidole: anaudhi, ameudhika. Akaenda kwenye Kikuyu: kũrakaria, kũrakara. Kule kwetu aliyeudhi na aliyeudhiwa hutenganishwa na kitenzi chenyewe, huwezi kuwachanganya hata ukiwa umelala. Wahispania huacha neno likiwa vilevile, wakaweka tofauti nzima katika kile kipande kidogo cha mbele ambacho mgeni hukimeza haraka ili afikie neno kubwa.

Mama Shiru hakuishia hapo, nami nashukuru, kwa kuwa kuna maelezo mepesi ambayo hudanganya. Wengi hufundisha kwamba es ni kwa mambo ya kudumu na está ni kwa mambo ya kupita. Yeye alitikisa kichwa. Wodini, alisema, mgonjwa akifariki daktari alisema está muerto. Na hakuna kinachodumu kuliko hicho. Está huonyesha mtu ameingia katika hali, ama atoke ama asitoke. Mama akasema: “Ni ‘me’.” Amekufa. Amechoka. Ameudhika. Hapo ndipo nilipoona kwamba Kiswahili kilikuwa na ufunguo wake siku zote. Jaribu na maneno mengine. Es aburrido, anachosha. Está aburrido, amechoshwa. Es listo, ni mwerevu. Está listo, yuko tayari. Tofauti tunayoiweka kati ya “ni” na “yuko”, kati ya “na” na “me”, wao wameiweka pale. Mwalimu wa Kihispania ambaye angewafundisha Waswahili kwa njia hii, badala ya kupitia Kiingereza ambacho hakina tofauti hiyo, angewaokolea taabu nyingi.

Mama Shiru alituambia pia alivyojifunza neno lenyewe. Usiku mmoja stima zilipotea katikati ya upasuaji, jenereta ikakataa kuwaka, na daktari Mkyuba akapaza sauti kwa lugha yake. Kazi ilipokwisha salama, alimkuta nesi wake amesimama mbali naye. Akamwambia: sikuudhika na wewe, nimeudhika na jenereta. Estoy molesto con el generador. Mama Shiru alilibeba tangu siku hiyo.

Nimefikiria sana kuhusu hilo. Masomo ya lugha humfundisha mtu kusalimu, kushukuru, kuagiza chakula na kuuliza njia. Ni mambo ya mgeni, na mgeni huyahitaji. Lakini nyumba haiendeshwi kwa salamu. Nyumba huendeshwa kwa acha, ngoja, nimechoka, nani kamaliza maji, usiniudhi. Mtu ambaye hawezi kulalamika katika lugha ya nyumba anabaki mgeni hata akikaa miaka kumi, kwa kuwa watu wa nyumbani humwonyesha tabasamu tu na kununa pembeni. Mama alilijua hilo bila kuambiwa. Ndiyo maana katika maneno yote alichagua lile. Alikuwa akitafuta njia ya kuingia mahali ambapo mkwewe ameumia.

Alifunga daftari, akajitazama kwenye kioo cha ukutani, akarekebisha kitambaa kichwani na kwenda kubisha. Sisi wengine tulibaki jikoni, hakuna aliyegusa chai.

“Amparo. Hija. ¿Estás molesta?”

Kimya. Kisha mlango. Amparo alisimama pale na kilemba chake, akamtazama Mama, akatazama nyuma yake akatuona sote, Mama Shiru na kalamu nyekundu mkononi. Alikuwa mtu mwepesi wa kuelewa. Nilimwona akirudi nyuma kichwani mwake mpaka jikoni asubuhi ile, kwenye mkono ule begani. Akaweka kiganja mdomoni. “Ay, Cucu,” alisema, kwa sh sahihi kabisa. “Estás. Estás.”

“Estás,” Mama alisema. “¿Conmigo?” Pamoja nami? Juu yangu?

“No. Con el agua.”

“Ah,” Mama akasema. “Yo también.” Mimi pia. Na kwa kuwa hapo alikuwa na uhakika wa kila neno, akaendelea: tangi ni la kuudhi, pampu ni ya kuudhi, jogoo ni wa kuudhi, akayapa kila moja es yake na mwisho wake. Amparo alicheka mpaka akaketi kitandani. Njoroge alikwenda kufunga pampu.

Haikuwa imekwisha. Boya jipya lilikuwa la saizi nyingine, fundi alikuja akaenda, na maji yaliingia ndani ya nyumba usiku, Amparo akiwa wa kwanza kuoga. Siku mbili baadaye Wambui alikatazwa kutoka nje na mafua yake, na bibi yake akamfuata kila chumba na sweta mkononi. Mtoto akakunja mikono: “Cucu, eres pesada.” Mama alikwenda kwenye daftari. Pesada, nzito. Alirudi sebuleni akiwa ametosheka. Hapa kwetu mzito ni mtu mwenye neno, mtu anayesikilizwa kwenye kikao. Alimshukuru mjukuu wake. Ni Amparo aliyemweleza, kwa utaratibu, kwamba kwao mtu pesada ni yule anayekukalia na kukuchosha kwa kukuandama. Mama alifikiri. Akasema basi na iwe hivyo, sweta livaliwe. Na likavaliwa.

Jambo moja nililolipenda ni kwamba somo lilikwenda njia zote mbili. Amparo alimwomba Mama amfundishe kuudhika kwa Kiswahili. Mama alimfungulia ukurasa mpya, akampangia familia nzima ya neno: kuudhi, kuudhika, kuudhiana, udhia. Alimwambia limetoka kwa Waarabu likakaa nasi likazaa. Amparo alipenda kuudhiana kuliko yote. Alisema kwao inawabidi waungeunge maneno mengi kusema tuliudhiana, nasi tuna neno moja linalowalaumu wote wawili kwa usawa. Siku ya kuondoka, uwanja wa ndege, Njoroge alipokuwa anatafuta pasipoti mifukoni mara ya tatu, nilimsikia akimwambia, “Unaniudhi,” polepole, sahihi, bila ghadhabu. Mama alitikisa kichwa kwa kuridhika.

Sasa ni zamu ya Mama kwenda. Karatasi za viza zimeanza kukusanywa, picha imepigwa pale Thika mjini, na daftari limepata mwenzake. Amemuuliza Njoroge maisha ya kule kwa makini, na lililomshtua ni chakula cha jioni. Wahispania hula saa tatu, hata saa nne za usiku. Mama hula saa moja, na saa tatu amelala. Amekwisha andaa sentensi: Cenar a las diez es molesto. Kula saa nne usiku kunaudhi. Mama Shiru ameipitia, akasema es ni sahihi na o ni sahihi, ila akashauri asiitamke siku ya kwanza mbele ya mama yake Amparo.

Mama hakushawishika. Alimpigia Amparo akamsomea. Amparo akasema mama yake ameshaambiwa, chakula cha Cucu kitakuwa mezani saa moja kila jioni, na Jumapili mchana wote watakula wali wa Valencia, wenyewe hasa, wa kuku na sungura.

“Sungura wa kufuga au wa porini?” Mama aliuliza kwa Kiswahili. Alipoona haeleweki, akanigeukia akaniambia nimtafutie sungura kwa Kihispania, haraka, kabla bando halijaisha.